Siku moja na gravimita, Moshi hadi Marangu

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai naikagua gravimita, chombo cha kupima nguvu ya uvutano wa dunia. Imekesha ikiwa imewashwa, maana springi iliyo ndani yake haivumilii joto kubadilika.

Saa 12:30. Kipimo cha kwanza, kwenye bikoni yetu ya msingi, alama ya kudumu ya wapimaji, mjini Moshi. Nasawazisha chombo, narudi nyuma, nasimama kimya. Lori likipita, namba zinacheza. Tunasoma kwa miligali, na miligali moja ni kama sehemu moja ya milioni ya nguvu inayokuvuta chini.

Saa 2. Tunapanda, kituo baada ya kituo. Hapa ndipo kazi inaponoga. Kila mita tunayopanda inatutoa mbali na kiini cha dunia, na uvutano unapungua miligali 0.3 hivi. Lakini mwamba ulioongezeka chini yetu nao unavuta, unarudisha kama theluthi ya kilichopotea. Namba ikikataa hesabu hiyo, najua chini kuna mwamba mzito au mwepesi kuliko nilivyodhani.

Saa 4:30, ukingoni mwa kihamba kimoja, shamba la nyumbani la Wachaga. Bibi anatoka migombani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kupima shamba la nani?"

Swali la haki. Watu wamepoteza ardhi kwa vipimo. Namwambia hatugusi mipaka, tunatafuta maji yangeelekea wapi. Ananionyesha mfongo, mfereji wa asili wa maji, unaopita nyuma ya nyumba. "Haya yanajua njia."

Ni kweli, na waliouchimba walilijua hilo bila setilaiti. GPS hupima kimo kutoka umbo laini la kihesabu, tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha. Simama ufukweni Dar es Salaam, GPS isiyosahihishwa itakuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, na miguu yako mikavu. Maji hayalijui umbo hilo, yanafuata uvutano. Uso ambao bahari ingeuchukua ikitulia, hata ukipitishwa chini ya milima, ndio jioidi, na bila huo kimo cha GPS hakisemi lolote kuhusu bahari. Kilimanjaro ilipimwa mita 5,895 mwaka 1952. GPS ilipoleta 5,892 mwaka 1999, jioidi ilikuwa ndani ya hesabu.

Saa 8 mchana. Mtori, haraka. Karibu na lango la Marangu, uvutano ni pungufu ya Moshi kwa karibu miligali 200.

Saa 11 jioni. Tumerudi bikoni tulipoanzia. Naondoa mvuto wa mwezi na jua, kisha nalinganisha na asubuhi. Haifungi: namba mbili za bikoni ileile hazilingani. Namba iliruka kati ya kituo cha 6 na cha 7, gari lilipoingia shimoni. Naumia, maana vipimo vyote vya baada ya hapo siviamini tena, na sitaviandika kana kwamba naviamini.

Saa 2 usiku. Chombo kiko kwenye chaji. Kesho tunaanzia kituo cha 6, pale kwa bibi.