Mshale uko kwenye saba, saa ni moja: kumfundisha mtoto kusoma saa

Mtoto anayekua na Kiswahili nyumbani ana kazi ya ziada. Mshale mfupi uko kwenye 7, mama anasema ni saa moja, na simu mezani inaonyesha 07:00. Wengi humwambia "toa sita" na kuishia hapo. Hiyo ni hesabu mbili kwa mpigo, na mtoto bado hajui mshale upi ni wa nini.

Anza na mshale mfupi peke yake. Kata duara la kadibodi lenye upana wa sentimita 20 hivi, uandike kwanza 12, 6, 3 na 9, kisha ujaze zilizobaki. Mtoto akianza na 1 akizunguka, namba humbanana upande mmoja. Funga mshale mmoja tu, ila uwe na mkia unaofika upande wa pili. Mkia huo ndio dawa: kichwa kikiwa kwenye 7, mkia uko kwenye 1. Kichwa 10, mkia 4. Kichwa 3, mkia 9. Saa ya Kiswahili daima ndiyo inayotazamana na mshale mfupi, kwa hiyo hakuna cha kutoa wala kujumlisha. Mwache aseme "saa mbili na kidogo" au "inakaribia saa tatu" mpaka azoee. Usibandike namba mpya juu ya saa ya ukutani. Akienda kwa jirani atakwama.

Mshale mrefu usubiri mpaka aweze kuhesabu kwa tano hadi 60. Hapa weka kadibodi pembeni. Mishale ya kadibodi haivutani: utaweka mrefu kwenye 6 na mfupi utabaki umenyooka kwenye 8, jambo ambalo saa halisi haifanyi. Chukua saa ya ukutani, toa betri, zungusha kile kigurudumu cha nyuma. Mtoto aone kwa macho yake kuwa mrefu ukimaliza mzunguko mzima, mfupi umesogea namba moja tu, na kwenye nusu saa uko katikati ya 8 na 9.

Kosa litakalojirudia kuliko yote ni la kasoro. Ikiwa 8:50, mshale mfupi unakaribia kugusa 9, naye atasema saa tatu na dakika hamsini. Hajakosea kuona, ila amechukua namba inayofuata badala ya iliyopitwa. Muulize, "Umeshafika au bado?" Akijibu bado, basi ni saa mbili na dakika hamsini. "Saa tatu kasoro dakika kumi" ije baada ya hapo, pamoja na kasorobo.

Saa ya namba za Kirumi isikusumbue. Mara nyingi namba zake zimeandikwa miguu ikielekea katikati, kwa hiyo VI inakaa kichwa chini na hata mtu mzima huweza kuichanganya. Asome mahali mshale ulipo, basi.

Simu iwe ya mwisho, na uiweke kwenye mfumo wa saa 24. Hapa hakuna mkia, kwa hiyo akariri vituo viwili: 07 ni saa moja asubuhi, 19 ni saa moja usiku. Kutoka hapo anahesabu kwenda mbele: 19 moja, 20 mbili, mpaka 00 ambayo ni saa sita usiku, na 06 ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi. Mpe kazi ya kweli: aweke alamu ya saa kumi na moja alfajiri. Akiandika 11:00 italia saa tano, jua limeshapanda. Inayotakiwa ni 05:00. Tiketi ya basi nayo ni zoezi zuri, hasa iliyoandikwa kuripoti 05:30 na kuondoka 06:00. Akuambie mwenyewe ni saa ngapi mnatakiwa muwe stendi.