Siku moja na bundi wa Sokoke

Saa kumi na nusu alfajiri, Gede bado imelala. Gari linaachwa kwenye njia ya mchanga mwekundu ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, injini inazimwa, na kwa dakika kumi hakuna anayezungumza. Mluzi wa bundi ukianza, tuu-tuu-tuu mfululizo kisha kimya, napima upande kwa dira ya simu. Nasogea hatua mia moja hivi njiani, napima tena. Mistari miwili ikikutana kwenye ramani, hapo ndipo pa kutafuta. Ukipima sehemu moja utaujua upande ila umbali hutaujua, na bundi akigeuza tu kichwa utaapa amehama.

Kukipambazuka ananyamaza. Chai na mahamri.

Saa moja naingia kichakani peke yangu, wageni ninaowaongoza kupiga picha wanabaki njiani. Watu wanne wakiingia pamoja watavunja matawi, na bundi hubadili pa kulala. Wengi hudhani bundi hawa tumewafunga kamba mahali; wangekuja waone miiba ya hapa, na kupe. Natafuta ndege wa sentimita 17 hivi, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, kuanzia usawa wa kiuno hadi mara mbili ya urefu wa mtu. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Yule wa kutu ndiye mgumu, maana jani kavu lililonasa tawini linafanana naye kabisa. Kwa hiyo jicho halitafuti ndege. Linatafuta vibonge viwili vilivyobanana kwenye tawi jembamba, kwa sababu dume na jike hulala bega kwa bega. Kinyesi cheupe kwenye majani ya chini husaidia, mvua ikiwa haijakiosha.

Saa tatu wamepatikana, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ndefu.

Mgeni wa leo ana lenzi ya milimita 600, nzito kama mtoto. Lenzi za aina hiyo nyingi hazishiki kitu kilicho karibu zaidi ya mita 4, na uwazi uliopo ni mita 3. Akirudi nyuma, kuna miiba. Lenzi ya milimita 100-400 ingemtosha, na aliambiwa mapema. Tunamtafutia upenyo mwingine, anachuchumaa, kamera inashika vijiti vya mbele badala ya ndege. Zima fokasi ya kujiendesha, bosi, zungusha kwa mkono mpaka jicho likae sawa. Stendi ya miguu mitatu haifunguki humu, tumia ya mguu mmoja. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, weka 3200, shata 1/60 ya sekunde, piga picha nne-tano mfululizo maana tawi linacheza. Anga ikionekana nyuma yake, ongeza mwanga kidogo, la sivyo utapata kivuli chenye mdomo.

"Lakini amefumba macho. Si umrushie kijiti?"

"Hapana, bosi."

"Basi flashi moja tu."

"Hapana."

"Mlio wa bundi kwenye simu je?"

Mchana? Akiusikia hudhani dume mwingine amevamia, na huu ni muda wake wa kulala. Tayari anajinyoosha mwembamba, vishungi vya kichwani vimesimama. Watu husema "tazama alivyo mrembo", kumbe ameogopa. Tunaondoka. Bundi huyu anajulikana pwani hii ya Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Hatuna wa kuchezea. Mgeni ananuna mpaka njiani, na bado ananilipa kwa saa.

Mchana ni joto, nyuki wadogo machoni, na kulala chini ya mwembe.

Jioni, giza likiingia, tunarudi kwa ajili ya wageni wanaotaka bundi mwenye macho wazi. Hatutoki mbali na gari. Ndovu hutumia njia hizi hizi. Mlio unapigwa mara mbili, kwa sauti ndogo, kisha tunasubiri. Asipojibu, basi. Akija, tochi hafifu inaelekezwa pembeni mwa tawi, kamwe si usoni, muda usiozidi dakika mbili, kwa sababu usiku ndio muda wake wa kula wadudu. Leo kaja. Mgeni kapata jicho moja la manjano, lingine limezibwa na jani, na ameridhika kupita nilivyotarajia.

Kabla ya kulala naandika kwenye daftari: jozi ya leo ipumzishwe wiki mbili. Kesho tutaanzia upande wa pili wa njia, na mvua ikinyesha usiku, gari halifiki huko.