Kamba, Mawe na Maua

Upanga, Jumatano jioni

Siku nzima mawazo yangu yamekuwa kwenye kamba. Kamba ya katani ya kawaida, mita mbili au tatu, inayotandazwa sakafuni mwanzoni mwa tiba ya kusimulia maisha. Tiba hii, ya watu wanaoteswa na kumbukumbu za matukio ya kutisha, iliandaliwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Ujerumani, na miongoni mwa waliotibiwa nayo mapema ni wakimbizi waliokuwa Uganda.

Ncha moja ni kuzaliwa. Ya pili inaachwa imeviringwa, maana maisha hayajaisha. Lililoumiza linawekewa jiwe, jema linawekewa ua. Boganvilia ya ukutani inatosha. Siku hiyo ni kutaja tu: jina la tukio, mwaka, basi. Anayetaka kumwaga yote kuhusu jiwe kubwa azuiwe kwa upole, zamu yake inakuja.

Vikao vinavyofuata ndiyo kazi yenyewe. Tuseme mtu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Honi, harufu ya petroli, joto la lami mgongoni, vyote vimebaki mwilini, ila vimebaki bila tarehe wala mahali. Ndiyo maana honi ya leo pale Mwenge inamrudisha kulekule, kana kwamba anagongwa sasa hivi. Mshauri akifika kwenye jiwe hilo anapunguza mwendo: uliona nini? Ukawaza nini? Moyo ulikuwaje? Na sasa ukisimulia, ukoje? Swali hilo la mwisho lisisahaulike. Ndilo linaloitenganisha siku ile na leo.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kukatisha kikao hofu ikiwa kileleni. Kikao ni kama dakika 90, na humo humo kuna muda wa kushuka. Jiwe likianza kuguswa dakika ya 70, mtu anatoka akitetemeka na kwenda kusimama kwenye daladala la Mbagala. Afadhali jiwe lingesubiri kikao kijacho. Simulizi lifike mpaka hatari ilipopita, nani alimwinua, alilala wapi usiku ule. Mimi ningepanga saa tatu asubuhi, si jioni.

Wapo ambao hofu haiwakimbizi moyo bali inawalegeza: macho yanapotea, sauti inakwisha. Hao usiwaambie wapumue taratibu, watazidi kuzama. Wakaze ngumi na mapaja, wasimame, wataje wanavyoviona chumbani.

Tukio likiwa bichi, la wiki hii, hakuna haja ya kumlazimisha mtu asimulie. Wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya mwezi wakiwa na usingizi, chakula na watu. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu navyo Shirika la Afya Duniani halivishauri kwa mshtuko wa mwezi huo wa kwanza. Na anayepigwa nyumbani hadi leo, jiwe lake bado linarushwa. Atafutiwe kwanza pa kukaa salama.

Kila kikao mshauri anaandika, na kijacho anasoma alichoandika ili aliyesimulia asahihishe. Mwishoni yanasomwa maisha yote, kisha karatasi ni zake. Kabla ya kumkabidhi, muulize ataziweka wapi. Chumba cha kupanga, kitanda kimoja, kabati lisilo na kufuli: wengine huomba zibaki kwa mshauri.