Swali la Baraza la Wazee

Jumamosi ya tarehe 22 Desemba 2012 nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika wetu, katika kijiji kimoja cha Uchagga, nikisubiri kuitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Mikononi nilikuwa na bahasha ya kaki yenye nakala za barua yangu ya kuomba mchango. Nilikuwa nimetoka Dodoma kwa basi siku mbili kabla, na nauli ilikuwa imepanda kama ilivyo kawaida watu wanapokwenda Moshi kula Krismasi.

Wakati huo nilikuwa katika mwaka wa tatu wa utumishi miongoni mwa wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga. Katika huduma yetu hakuna fungu la mishahara ofisini. Kila mtumishi hutafuta wachangiaji wake mwenyewe, watu binafsi na sharika, na ahadi zao za mwezi ndizo zinazomlipia chumba, chakula na nauli. Mimi nilihitaji shilingi 350,000 kwa mwezi, na ahadi nilizokuwa nazo zilifika 210,000, tena zile zilizotimizwa hazikufika hapo.

Barua ilieleza kazi kwa maneno ya heshima: mafunzo ya Biblia, mikesha, semina za uongozi. Sikuwa nimeandika yale yaliyonichosha zaidi. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, zilipochelewa, wasichana ndio waliokuja kugonga mlango wangu usiku. Mmoja alikaa kitandani kwangu akakunja na kukunjua ncha ya kanga yake kwa muda mrefu, hata akaweza kusema kwamba mwanamume aliyekuwa akimnunulia chakula tangu mwezi uliopita sasa alitaka malipo. Siku ile nilimpa nusu ya fedha nilizokuwa nazo ndani. Mambo kama haya hawakumwambia mtumishi mwenzangu wa kiume, na sikuwalaumu, wala yeye simlaumu. Lakini hayakuwamo katika taarifa yoyote, na kwa wachangiaji kazi isiyo kwenye taarifa ni kama haikufanyika.

Nilipoitwa ndani niliwakuta wazee tisa, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Walinisikiliza kwa upole. Kisha mzee mmoja, ambaye tangu utotoni mwangu alikuwa akiniita mwanangu, aliuliza: “Sasa, mwanangu, tukianza kukuchangia, halafu ukaolewa, mchango wetu utakuwa umekwenda wapi?” Mwingine akaongeza kwamba nikijifungua nitakaa nyumbani, na usharika utakuwa unamlipa mtu asiyefanya kazi. Nilijibu kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na hata mwalimu wa shule ya kijiji anaipata. Nilisema kweli, lakini nilipokuwa nikisema nilifahamu udhaifu wa jibu langu, kwa sababu mshahara uliotengenezwa kwa ahadi za watu hukatika siku ile watu wanapoacha kuahidi, na hakuna sheria itakayowalazimisha.

Mwaka uliotangulia baraza hilohilo lilikuwa limekubali kumchangia kijana mmoja aliyeanza utumishi kama wangu katika chuo kingine. Nilimfahamu vizuri, kwa kuwa alipokuwa mwanafunzi alikuwa katika kundi langu la kujifunza Biblia. Hakuulizwa ataoa lini. Kwa upande wake ndoa ingehesabiwa kuwa sababu ya kumwongezea. Nililitaja jambo hili, pengine kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, na chumba kikanyamaza. Nilimtazama baba. Alikuwa akiangalia sakafu. Niliambiwa kwamba ombi langu litafikiriwa mwakani, nikapewa shilingi 30,000 za nauli, na tukafunga kwa sala.

Usiku ule nilimsimulia mama jikoni. Nilitegemea anifariji, naye, huku akisukuma kuni ndani, akaniuliza taratibu: “Lakini kweli, utaolewa lini?” Nilikuwa na miaka 29. Swali la mama liliniuma kuliko la wazee, maana sikuweza kulikasirikia.

Kesho yake, baada ya ibada, mnada ulifanyika uwanjani kama kila Jumapili: mayai, maziwa, kuku mmoja, maparachichi. Kanisa lilikuwa limejaa watu waliorudi kutoka Dar es Salaam na Arusha. Mwishoni mwenyekiti wa umoja wa wanawake alisimama na mkungu wa ndizi za mshare, akasema kwamba wanawake wameutoa kwa ajili ya binti yao anayetumika Dodoma. Hakuomba ruhusa ya baraza, na mama yangu aliyekuwa nyuma yake hakunitazama, nikajua habari za jikoni zilikuwa zimekwisha kufika kwa wenzake. Mkungu ulinunuliwa kwa shilingi 40,000, na aliyeununua akaurudisha uuzwe tena. Ukanunuliwa kwa 35,000, ukarudishwa. Mara ya tatu bei iliposimama kwenye 50,000, niliitambua sauti ya baba.

Yeye hakuurudisha. Aliuinua akauweka begani, ingawa alikuwa amevaa suti yake ya Krismasi na utomvu ulikuwa bado unatoka penye mkono wa mkungu, akapita mbele ya wazee wenzake waliokuwa wamesimama mlangoni, akawaamkia mmoja mmoja, akashika njia ya nyumbani. Kwetu kubeba ndizi ni kazi ya wanawake. Nilimfuata nyuma nikiwa nimebeba Biblia yake na kitabu chake cha nyimbo, na hatukusema neno hadi tulipofika kwenye mfereji.

Hapo alisimama kupumzika, akauegemeza mkungu kwenye mti wa mbuni.

“Hao wasichana wanaokuja kwako usiku,” aliuliza, “mwaka huu walikuwa wangapi?”

Mama alikuwa amemwambia na hilo pia.

“Kumi na mmoja, baba.”

Alitikisa kichwa, akafuta utomvu mkononi kwa jani kavu la mgomba. “Niambie habari zao,” alisema, akaketi ukingoni mwa mfereji.