Betri mpya, ugonjwa ule ule

Pikipiki ilinifanyia vituko Msamvu, saa moja usiku, abiria mgongoni. Honi inakoroma kama mbuzi mwenye mafua, indiketa zinawaka bila kumweka. Fundi akaniuzia betri mpya. Siku ya tatu nayo chali.

Nikaazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Injini imezimwa: volti 12.4. Nikawasha, nikavuta mafuta mpaka inanguruma: 12.3. Chaji ikiingia vizuri, hapo husoma karibu 14. Kumbe betri ilikuwa inatoa tu, haipokei. (Nina shemeji wa namna hiyo, lakini tuyaache.)

Nikafuata zile nyaya za njano zinazotoka upande wa sumaku, injini inakozalishia umeme, mpaka kwenye rektifaya, kile kidude kinachougeuza umeme huo uweze kuchaji betri. Kuchomoa soketi, plastiki imeyeyuka, pini moja nyeusi tii na kutu juu. Maji ya kuoshea, na muoshaji ni mimi mwenyewe na ile pampu yangu! Nikakata, nikaunganisha waya kwa waya kwa risasi ya kuyeyusha, nikazungushia tepu. Mita ikasoma 14.1.

Betri ya zamani niliichaji usiku kucha. Haikuwa na kosa lolote. Sasa inawasha taa ya banda la kuku.