Yule dada wa Pudding Lane

Leo nimepanda ngazi 311, na magoti bado yananiuma ninapoandika haya.

Ni ule mnara wa kumbukumbu ya moto mkubwa wa London, karibu na London Bridge. Kila siku napita chini yake nikiwahi basi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuingia. Ndani ni wembamba mtupu. Ngazi zinazunguka na kuzunguka, na anayeshuka akikutana nawe lazima mmoja abane ukutani. Mimi nilibana, nikampisha baba aliyembeba mwanawe mgongoni.

Juu kuna chungu cha shaba chenye ndimi za moto, kimepakwa dhahabu. Christopher Wren na Robert Hooke ndio waliousanifu, ukakamilika mwaka 1677. Urefu wake ni futi 202, kama mita 62 hivi, na ni umbali uleule kutoka hapo hadi ilipokuwa nyumba ya Thomas Farriner, mwoka mikate wa Pudding Lane. Ukiulaza upande wa mashariki, ncha yake itagusa tanuri.

Moto ulianzia kwake usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana, kiangazi kilikuwa kikavu na upepo wa mashariki ukavuma. Ziliteketea nyumba 13,200 na makanisa 87, na kanisa kuu la St Paul's nalo likaenda.

Farriner na watu wake walitokea dirisha la juu, wakapita kwenye paa hadi kwa jirani. Mtumishi wao wa kike aliogopa kupita pale dirishani. Akabaki. Ndiye wa kwanza kufa, na jina lake halipo.

Nimekwama hapo tangu mchana. Mimi nilikuwa dada wa kazi, Tanga, nikiwa na miaka kumi na sita. Nililala stoo, pembeni ya mtungi wa gesi. Usiku mmoja nyaya za jikoni zilishika moto. Mama mwenye nyumba alitoa watoto, akatoa televisheni, akatoa hati za kiwanja. Mimi niliamshwa na jirani aliyekuja na ndoo ya mchanga.

Farriner aliapa kwamba tanuri lake lilikuwa limezimwa. Lawama ikamwangukia mgeni, Robert Hubert, fundi saa kutoka Ufaransa, aliyekiri mwenyewe kuwa ndiye aliyechoma. Farriner na wanawe walitia saini hati ya mashtaka, Hubert akanyongwa. Baadaye ikajulikana kwamba aliingia London moto ukiwa umeshawaka. Hata hivyo, mwaka 1681 wakachonga kwenye mnara kwamba ni uovu wa Wakatoliki, na maneno hayo hayakufutwa moja kwa moja mpaka 1830. Mtu alipata nafasi ya kuchonga uongo kwenye jiwe, na jina la yule dada likakosa hata mstari.

Niliposhuka nilikwenda Pudding Lane. Ni kichochoro kifupi, chenye ofisi tu. Kuna kibao cha chama cha waoka mikate, cha mwaka 1986. Nilikisoma, kisha nikainua macho kwenye madirisha ya ghorofa ya pili, nikapima kwa macho umbali kutoka dirisha moja hadi la jirani. Hata mimi ningeogopa.