Usiku Baba aliotusuka nywele

Baba yangu alipigana vita vya Kagera, na katika maisha yake yote, amefariki mwaka jana akiwa na miaka 82, vita vile alinisimulia mara moja tu. Wajukuu walikua wanamuuliza, walimu walimuita shuleni akaongee na wanafunzi, anakwenda na kanzu yake safi, anataja tarehe na majina ya miji halafu anakaa. Basi. Mimi ninachokijua nilikipata usiku mmoja wa mwaka 1981 hapa hapa Tanga na nataka nikiandike kabla vipande havijaanza kunipotea.

Kabla ya vita alikua kibarua bandarini, enzi za katani yenyewe, meli kubwa zinatia nanga kule nje na mzigo unapelekwa kwa matishari. Kamba alikua anazijua sana, kusuka, kuunga, kupiga mafundo, aliyaanza utotoni kwenye shamba la mkonge maana babu alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, Baba akaitwa na mgambo wenzie wakaondoka. Sisi watoto wawili wa kike tukabaki na Mama na shangazi, Ngamiani.

Alirudi amekonda, sauti imeshuka, na akawa anafanya kazi za ndani ambazo wanaume wa mtaa ule walikua hawazigusi, anachota maji, anapiga pasi ya mkaa, anatuogesha. Watu wakawa wanasema vita vimemharibu. Nasema leo walikosea sana.

Sasa mwaka ule wa 1981 hali ilikua ngumu, Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18 na miezi ikaisha mikanda bado inabana, sukari kwa foleni, sabuni hakuna watu wanafulia majani ya mpapai. Ramadhani ikaishia mwanzoni mwa Agosti. Mama alikua mja mzito, ile siku ya mwisho ya mfungo uchungu ukamshika mchana, akakimbizwa hospitali ya Bombo na shangazi akaenda nae. Magharibi redio ikatangaza mwezi umeandama, mtaa mzima kelele, watoto wanapiga makopo, na sisi wawili nywele zetu zilishafumuliwa tunamsubiri Mama atusuke, zimesimama timtim. Idd na nywele zile! Mama wa nyumba ya pili ana vitumbua vyake jikoni na wanawe wa kuwasuka, akatuambia njooni baadae, na baadae yenyewe haifiki. Nikaanza kulia, mdogo wangu nae akaunga.

Baba akarudi kutoka Bombo, Mama bado. Akatukuta vile, akauliza kitana kiko wapi.

Akatandika mkeka, akakaa kwenye kigoda, koroboi akaiweka juu ya debe, mafuta ya nazi kwenye kisosi. Akanibana kichwa katikati ya magoti yake. Alikua anagawa nywele kwa ncha ya kitana taratibu mpaka mstari unyooke, anachovya kidole cha shahada kwenye mafuta anapitisha kwenye ngozi, halafu anaanza kwenye paji anarudi nyuma, twende kilioni ya kawaida tu, ila alikua anakaza!

"Baba inauma."

"Pole mama, nimezoea kamba." Akalegeza.

Tulipofika msuko wa tatu au wa nne hivi nikamuuliza kasukia nani nywele mpaka akajua. Akanyamaza nikadhani hajasikia. Uso wangu umeelekea mlangoni, yeye anaona kisogo changu tu. Ndio akaanza, na kwakweli nadhani angekua ananitazama machoni asingesema hata neno.

Akasema kuna mahali Uganda panaitwa Lukaya, ukishapita Masaka unaelekea Kampala, barabara imekatiza kwenye kinamasi, kushoto tope kulia tope na mafunjo yamekupita kichwa. Walifika pale na brigedi ya 201 tarehe 10 Machi 1979, jioni Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawashushia maroketi. Wengine mle walikua mgambo kama yeye, mlio ule hawajawahi kuusikia, watu wakatawanyika gizani. Baba akajikuta ndani ya maji ya kiuno na mwenzie mmoja, kijana wa Muheza muuza machungwa, walikua pamoja tangu mafunzo. Kijana kapigwa kipande cha bomu ubavuni. Akamuegemeza kwenye mafunjo wakakaa vile usiku kucha hawawezi kuwasha kitu hawawezi kuita mtu.

"Akawa ananiuliza majina yenu," Baba akasema. "Nikimtajia anatulia, halafu ananiuliza tena."

"Na wewe ulikua unafanya nini?"

"Nasuka. Nachuna ganda la funjo, nasuka, nafumua, nasuka tena."

"Kwanini Baba?"

"Mikono ilikua inatetemeka mama. Nikaipa kazi."

Asubuhi brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikazunguka ikatokea nyuma ya adui, wakambana huku na huku mpaka akakimbia. Kijana wa Muheza hakuiona asubuhi ile. Baba akalitaja jina lake, mara moja tu, akasema amelala Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi, na wenzie. Halafu akaniambia inamisha kichwa, akamalizia msuko wa nyuma ya sikio.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika akalala palepale magotini, Baba anamsuka hivyo hivyo amelala. Shangazi akaingia usiku mkubwa, mtoto wa kiume, wazima wote wawili. Baba akasema alhamdulillah, sauti ikamkatika, akamalizia nywele zilizobaki ndio akanyanyuka kwenda Bombo.

Siku ya saba akampa mtoto lile jina. Shangazi alinuna, mtoto wa kwanza wa kiume kwanini asipewe jina la babu yake, jina gani hili ambalo ukoo wetu hauna, si kwa baba si kwa mama. Baba hakujibu, akaniangalia mimi. Na mimi nikanyamaza, tukawa tunalijua wawili.

Baada ya hapo kisa kile hakukirudia tena. Alirudi bandarini mpaka akastaafu, na kusuka hakuacha, wadogo zetu waliofuata aliwasuka yeye na wajukuu wa kike walikua wanaletwa kutoka Makorora na Mikanjuni Jumapili babu awasuke, wanapanga foleni barazani.

Tulipomaliza arobaini yake nikamvuta mdogo wangu wa kiume pembeni, ana miaka arobaini na kitu sasa, nikamwambia jina lake limetoka wapi. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Dada, kwenda Muleba kwa basi kutoka hapa tunapitia wapi?"